Plagi ya Kitanda cha Tatu

"Usiguse hapo," alisema shangazi, na mwanaprogramu akaurudisha mkono kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari.

Plagi ya kipimo cha pumzi cha mama yake, aliyelazwa kitanda cha tatu, ilikuwa imebandikwa plasta kwenye kompyuta ya wodi. Plagi za vitanda vyote zilikuwa hivyo. Shangazi, muuguzi wa zamu, ndiye aliyezibandika, maana ukichomoa waya mmoja tu kompyuta nzima inaganda, na wagonjwa wote wanabaki bila wa kuwasomea pumzi. Basi mgonjwa akibanwa na haja, chombo cha kujisaidia kinamfuata hapohapo kitandani. Mama alikuwa amekikataa tangu asubuhi.

"Nimeshairekebisha programu na kuiweka humu, shangazi. Ndiyo maana nimekuja."

"Na jana kwenye simu ulisema hivyohivyo."

Ni kweli alisema. Kiendeshi, kile kipande cha programu kinachoipatanisha kompyuta na kipimo, kilikuwa na maelekezo marefu ya kuaga kifaa kinapochomolewa: rudisha hiki, zima kile. Aliyafuta yote, akakiachia kiini cha kompyuta kirudishe vitu chenyewe, kilichochukuliwa mwisho kikitangulia kurudi. Njia fupi, safi, akajisifu moyoni. Kumbe saa ya ndani aliiwasha kabla ya kuomba nafasi ya kumbukumbu, kwa hiyo nafasi ilirudishwa huku saa bado inagonga na kuitafuta. Sawa na kung'ang'ania kuvua soksi kiatu kikiwa mguuni. Kompyuta yake ya nyumbani ikaganda. Akageuza mpangilio, akachomoa na kuchomeka mpaka vidole vikamuuma, na haikuganda tena. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu upande wa pili wa waya.

"Mtaongea mpaka lini?" mama aliuliza. "Mwenzenu nimebanwa."

Shangazi alikwenda kitanda cha jirani, akamshika kifundo cha mkono mzee aliyekuwa akihema kwa shida.

"Huyu ndiye hali yake mbaya. Kompyuta ikiganda, angalau nitakuwa nimemshika. Haya, chomoa."

Mwanaprogramu aliinama. Akabandua plasta, akavuta.

Mstari wa mama ukafutika kwenye skrini. Wa mzee ukasita, au yeye alidhani umesita, kisha ukapanda, ukashuka, ukapanda.

Mama alikuwa ameshafika mlangoni na kandambili zake, akielekea msalani, hana habari na mtu. Mwanaprogramu alibaki na plagi mkononi, plasta imemganda kidoleni, macho kwenye ule mstari. Shangazi naye aliutazama, midomo ikihesabu kimyakimya, na mkono wa mzee hakuuachia.