Barua Aliyoiomba Mugisho

Hajira alikuwa akichambua mchicha nyumbani kwake Visiga simu ilipoita kutoka Kongo. Aliyepiga ni Mugisho, aliyekuwa kamanda wa waasi katika kijiji ambako Hajira aliuguza majeruhi zahanatini kwa miaka miwili.

"Sista, nimeweka silaha chini. Nataka kurudi kwetu, lakini wazee wanataka barua yako. Waambie tuliiheshimu zahanati."

Na kweli waliiheshimu. Hajira, mtoto wa Kisarawe, aliwafundisha kupiga hodi kama wageni wa mama yake kijijini kwao Chole: bunduki inabaki nje, na mtu anangoja akaribishwe. Wapiganaji wazima walisimama mlangoni kwa adabu hadi akawa anajizuia kucheka.

"Mliiheshimu," alisema, "isipokuwa ile Ijumaa. Mliingia bila hodi mkamtoa Byamungu kitandani, mguu umefungwa bendeji."

"Siku moja tu, sista! Yule alikuwa adui."

"Alikuwa mgonjwa wangu. Nitaandika yote mawili."

"Basi umenimaliza."

Hajira alimwonea huruma. Sauti ile ilikuwa imezeeka.

"Mke wa Byamungu bado ananipigia simu," alisema taratibu. "Niambie mlimpeleka wapi. Nitaandika pia kwamba umesema mwenyewe."

Mugisho akaanza kueleza: njia ya mtoni, shamba la kahawa, kaburi lisilo na alama nyuma ya kisima. Hajira akayaandika yote, akimwomba arudie pale asiposikia vizuri.