Kutu ya Upanga wa Shemeji

Watu wakistaafu hupata maradhi ya namna namna. Iwao Kunihara wa Tsuyama alipata panga za kale. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa madaraja ya reli, na adui yake alikuwa mmoja tu, kutu. Aliifukuza kwa msasa, kwa brashi ya waya na kwa rangi, mvua inyeshe jua liwake. Alipostaafu alinunua vitabu viwili vya panga, akavisoma nusu, akaanza kutoa maoni.

Maoni hayo yalimfikia shemeji yake Kyuzaburo, kaka mkubwa wa mkewe Chiyoko. Mzee huyu alikuwa na upanga mmoja, usio na jina la mhunzi, uliokaa kabatini tangu baba yao afariki. Baba yao, kila mwaka mpya akishakunywa pombe ya sake, alisimulia kwamba babu wa babu yake alipewa upanga ule na mtawala wa ngome kwa kumwokoa mtoni. Majirani walimsikiliza kwa adabu zote, wakifika barabarani wanaangua kicheko. Walimpa jina, Bwana wa Ngome, na hawakumpa kwa kumsifu. Kyuzaburo alikua akiyasikia hayo. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, daktari ameshaacha kumzungumzia habari za mwakani, naye alisema anataka jambo moja tu kabla hajaondoka: kujua kama baba yake alisema kweli.

"Shemeji, wewe ndiye uliyesoma," alimwambia Iwao. "Nipelekee kwa anayejua."

Iwao aliupokea kwa mikono miwili, akainama mpaka kiuno kikalia.

Ungedhani aliupeleka moja kwa moja. Thubutu. Asubuhi ya safari aliona kwanza autazame mwenyewe, kitaalamu. Akagonga kile kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, mpini ukatoka, na pale kwenye mkia wa chuma unaojificha ndani yake akakutana na adui yake. Kutu nyeusi, nene, toka mwanzo hadi mwisho. Iwao aliona haya kwa niaba ya ukoo mzima wa mkewe. Kumpelekea mwalimu wa panga kitu kile kilivyo ilikuwa sawa na kumpeleka mtoto kwa daktari hajaoga. Akaenda jikoni akachukua siki, akaenda stoo akachukua msasa.

Chiyoko alipomletea chai ya shayiri, mkia ulikuwa unang'aa kama kijiko.

"Baba Noriko, kitabu kimesema ufanye hivyo?"

"Sijafika huko bado."

Mwalimu Orita, mnoaji wa panga kule Osafune, alikuwa mtu wa maneno machache. Aliuinamia upanga kwanza, akauchomoa polepole, akautazama kwenye mwanga wa dirisha huku amefumba mdomo, maana hata tone la mate huleta kutu. Iwao naye akafumba mdomo wake, akijiona ameshaingia kwenye chama. Orita alikaa na ule upanga muda mrefu, akiugeuza huku na huku.

"Umenolewa mara nyingi mno," alisema alipoulaza. "Umbo lake limeliwa, na mistari ya chuma imefifia. Mwili peke yake hautanipa jibu. Tuutazame mkia. Umri uko huko."

"Huko wapi?" Iwao aliuliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuipenda.

"Kwenye kutu. Rangi yake, unene wake. Kutu ya miaka mia nne si sawa na ya miaka themanini. Ndiyo maana hakuna anayeigusa. Hata wezi hawaigusi."

Iwao alitazama mkeka. Orita akavua mpini, na chumba kikaongezeka mwanga.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Palikuwa na kutu, Mwalimu."

Orita alipitisha macho juu ya chuma kile, upande huu na upande ule. "Na alama za tupa za mhunzi?"

"Nilidhani ni mikwaruzo."

Orita akaurudisha mpini mahali pake.

"Kwa hiyo ni wa kale au si wa kale?" Iwao alijikaza kuuliza.

"Mimi naweza kusema miaka mia nne. Mwenzangu aseme themanini. Hakuna wa kutukatalia. Haijulikani tena, na haitajulikana."

"Kutu haiwezi kurudi?"

"Inarudi, Bwana Kunihara. Ngoja miaka mia nne."

Hakuwa akimtania. Alikuwa ameulizwa swali, akajibu.

Nyumbani Chiyoko alisikiliza habari yote bila kumkatiza, jambo ambalo lilimtisha Iwao kuliko matusi. Kisha akasema, "Mwambie ni wa kale. Mwambie baba alisema kweli. Mtu mwenyewe anakufa, nani atakuja kumuuliza?"

Iwao alikubali. Njia nzima alijifunza uwongo wake, neno kwa neno. Walimkuta Kyuzaburo amejifunika blanketi, anamenya tunda la kaki ambalo ilikuwa wazi halili.

"Wamesemaje?"

Iwao alifungua mdomo. Lakini huyu alikuwa mtu ambaye katika kazi yake yote hakuwahi kuandika kwamba daraja ni zima kabla hajaingia chini yake, na uwongo ule ukamkwama. Akaeleza yote, siki, msasa, mikwaruzo isiyokuwa mikwaruzo. Alipomaliza aliweka paji la uso mkekani.

"Nimekuharibia, shemeji. Hakuna atakayejua tena. Milele."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata wale wa Tokyo wenye mashine?"

"Hata hao."

Kyuzaburo aliweka kisu chini.

"Tangu ulipotoka na upanga ule," alisema, "nilikuwa naomba treni iharibike."

Chiyoko akageuka. "Kaka, si wewe uliyetaka kujua?"

"Nilisema nataka. Ningetaka kweli, si ningeupeleka mwenyewe nilipokuwa na miguu? Niliogopa. Wangeniambia baba alikuwa mwongo, ningelazimika kufa namwona mwongo. Nilimpenda mno baba, Chiyoko. Sikutaka kumwendea na hilo." Machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi, naye hakuyafuta. Akaunyosha mkono, akaushika wa Iwao ambao bado ulikuwa na weusi kwenye kucha. "Asante, shemeji."

Iwao alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Kushukuriwa hakujiandaa nako hata kidogo. Alilia kwa sauti kumshinda mwenye baba, mpaka Chiyoko akaenda kumtafutia taulo.