Sauti ya Chumba cha Nyuma

Mkufunzi wa zimamoto alikuwa na sauti ya kukwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta. Makuruti walimwita Kikohozi, ila si mbele yake. Miaka nenda miaka rudi alifundisha alichofundishwa na mwalimu wake, mzee mmoja mkali asiyejua kucheka: ukisikia mtu anaita ndani, rudi. Usingoje amri, usiulize. Rudi.

Kijana mmoja alilishika somo hilo kuliko wenzake wote. Alikuwa mwepesi, mcheshi, na alipohitimu akaja kumposa binti wa mkufunzi.

"Afande," alisema siku hiyo, kijasho chembamba kikimtoka, "heri kuingia kwenye moto kuliko sebuleni kwako."

Mkufunzi alicheka mpaka akapaliwa. Akampa binti yake kwa moyo mkunjufu.

Mtoto wao alikuwa ndiyo kwanza anaota meno, ghala la magodoro liliposhika moto. Kijana aliwatoa vibarua wawili. Alikuwa ameshafika nje, mtungi wake wa hewa unakaribia kwisha, aliposikia mtu anasema katika chumba cha nyuma. Wenzake nao walisikia. Akarudi. Paa likaporomoka.

Baadaye mlinzi wa ghala, aliyekuwa amekimbia mapema, alieleza kwa kwikwi kwamba chumba kile hakikuwa na mtu. Ilikuwa redio yake, aliiacha ikisema peke yake.

Tangu msiba ule, binti alimpokea baba yake kwa adabu tupu. Shikamoo baba, karibu, chai hii hapa. Usoni hakumtazama.

Kisha chuo kikabadilisha mafunzo. Mkuu wa chuo, mwanamke ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe, alimwita ofisini. Kuanzia sasa, alisema, hakuna kurudi ndani bila mwenzako na bila amri. Na katika chumba cha moshi cha mazoezi wangeweka redio, makuruti wajifunze.

"Nimpe mwingine somo hili, mzee wangu?"

"Hapana. Lile la zamani nilifundisha mimi."

Asubuhi ya zoezi aliiweka redio mwenyewe, nyuma kabisa, akaongeza sauti. Makuruti waliingia wawili wawili, wakatoka wakiburuta masanamu ya kufanyia mazoezi ya uokoaji. Filimbi ikalia: wote nje. Kuruti mmoja, msichana mwembamba, akabaki mlangoni ametega sikio. Mara akazama tena ndani ya moshi. Alitoka ameikumbatia redio, wenzake wakampigia makofi huku wakiangua kicheko.

"Nilidhani ni mtu, afande!"

"Umekufa," mkufunzi akasema.

Kicheko kikakatika.

"Na angekuwa mtu kweli?" msichana akauliza.

Mkufunzi akaipokea redio mikononi mwake. Zamani jibu alikuwa nalo tayari.

"Labda ungemtoa. Labda mngefia humo wote wawili. Sijui, mwanangu. Ninachojua, unarudi na mwenzako, na mtungi wenye hewa. Ukiambiwa hapana, basi ni hapana, hata kama roho itakuuma mpaka siku ya kufa kwako."

Machozi yalimshuka hadharani. Makuruti wakainamisha macho.

Jioni alikwenda kwa binti yake. Alimkuta anakunja nguo za mtoto. Akamsimulia yote akiwa wima, kama anatoa ripoti kwa mkubwa wake.

"Kwa hiyo siku hizi mnafundisha kungoja."

"Ndiyo, mama."

"Angefundishwa hivyo yeye, angengoja?"

Mkufunzi angeweza kusema kwamba kijana yule alikuwa na haraka zake, kwamba hata kwa kamba asingeshikika. Maneno hayo alikuwa akijiambia kila alipolala.

"Angengoja," akasema. "Hakuna nililomwambia akaacha kulifuata."

Binti akazika uso katika nguo alizokuwa anakunja. Hakuwahi kulia mbele ya baba yake, hata siku ya mazishi. Mkufunzi akanyoosha mkono kumshika bega, naye akauondoa, polepole, bila ukali.

"Si leo, baba."

Alikwenda tena wiki iliyofuata, na nyingine. Chai aliletewa, mjukuu aliwekwa mapajani. Kutazamwa usoni kulichukua muda. Ule utani wao wa zamani, wa baba na binti, haukurudi tena.