Filta ya Datsun ya Mzee Menza

Kafedha alipozungusha ufunguo, Datsun nyekundu ya baba yake iligonga kwanza, ka-ka-ka, kama sufuria iliyotiwa kokoto, ndipo ikatulia na kunguruma.

Barazani, Mzee Menza, ambaye kisukari kilimpofusha, aligeuza sikio. "Mwanangu, injini inaamka na kiu."

"Ni filta ya oili, baba. Gari likilala, oili yote hushuka chini."

Fundi Kimani, aliyeifunga filta hiyo, alipangusa mikono. "Madam, imeingia, imekaza, haivuji. Gari la zamani halikosi kelele. Kesho ni harusi, twende nayo tu hivyo."

Kesho yake Dhahabu, mdogo wake Kafedha, angeolewa kanisani Mkomani. Mzee alikuwa ameshaapa kuwa hapandi gari jingine ila hili la mbio alilolinunua ujanani. Kafedha ndiye aliyelitoa chini ya turubai lililooza, akalifufua kipande kwa kipande.

"Kuingia si kufaa, fundi. Hii injini ikifa, nyingine sipati. Ifungue."

Akaibeba ile filta hadi maduka ya spea ya Mjambere. Kila filta aliyopewa aliitia kidole kwenye tundu lake, akiutafuta mpira wa ndani unaozuia oili isirudi injini ikizimwa. Moja haikuwa nao kabisa. Nyingine mpira wake ulikuwa mkavu kama ngozi ya ngoma.

"Dada, zote ni moja," muuzaji alinung'unika.

"Basi hii mbona tupu?"

Hakungoja jibu. Alikwenda hadi Changamwe, kwa Mwanarehema, muuza spea za malori. Mama huyo alipanda ngazi, akashuka na boksi lenye vumbi. Kafedha akatia kidole. Mpira ulikuwa laini kama ndewe ya sikio. Akazipima filta mbili, ile kuukuu na hii mpya, mdomo kwa mdomo, zikalingana.

"Wallahi umenichosha," Mwanarehema alicheka, "lakini mteja kama wewe nampenda."

Jioni Kimani akaifunga. Gari likalala.

Asubuhi, Kafedha akiwa amevalia gauni la kwendea harusini, alivuta pumzi, akazungusha ufunguo. Injini iliitika mara moja, nzito, bila kugonga.

Mzee Menza aliinuka, akapapasa hadi mlango wa dereva, akasimama hapo ameshika kitasa, kama enzi zake za kuendesha.

"Nizunguke nikushike, baba?"

"Kaa hapo hapo kwenye usukani," alisema mzee, akiifuata boneti kwa kiganja kuelekea upande wa pili. "Njia ya gari langu naijua."