Nusu Uhai

Mdomo ndio ulioniponza. Mama mkwe aliniuliza mwanawe alikuwa akifanya kazi gani hasa pale maabara, nami, kwa uvivu wa kueleza, nikamjibu kwamba mimi na yeye tulikuwa tunapima nusu uhai. Tangu siku hiyo akakosa usingizi. Kumbe alielewa kwamba vipo vitu vinavyobaki nusu hai, na kwamba sisi tuna mashine ya kuvipima.

Asubuhi moja akanifuata kazini na pete ya ndoa ya marehemu mume wangu, kaifunga kwenye leso. Alitaka nimpime mwanawe. Mimi si mpole, na nusura nimrudishe kutoka getini. Lakini mzazi aliyefiwa humfukuzi.

Nikamkalisha, nikamweleza. Kuna viini vya atomu vilivyoshindiliwa nyutroni kupita kiasi, navyo haviwezi kutulia. Nyutroni moja hugeuka protoni, kisha nyingine, mpaka kiini kipate amani. Muda wa nusu ya kundi kugeuka ndio tunaouita nusu uhai. Zamu ya kiini kimoja haijulikani. Nyota mbili zilizokufa zikigongana, viini hivyo huzaliwa kwa wingi, na baadhi yake huishia kuwa dhahabu.

"Kwa hiyo hii imetoka kwa maiti," akasema, akiitazama pete.

"Imetoka kwa maiti, mama. Na imeshatulia. Haitasema kitu."

Akasema niipime tu. Nikaiweka chini ya kipima mionzi, ambacho mume wangu alikibatiza Mmbea kwa kutojua kunyamaza. Tik. Kimya. Tik, tik. Mama akaziba mdomo kwa leso.

"Ndiye," akanong'ona.

Nywele zilinisimama, mimi niliyesoma mpaka nikavaa miwani. Nikaitoa pete haraka, nikamrudishia. Mmbea akaendelea vilevile. Ikabidi nimwambie ukweli, kwamba sauti hiyo inatoka ukutani, angani, hata ndani ya miili yetu sisi wawili, na ipo siku zote.

Hakulia. Alisikiliza kidogo, akaivaa pete kwenye kidole gumba, akasema amenielewa: mwanawe ametulia. Akainuka kwenda mlangoni.

"Zima, mwanangu. Twende nyumbani."

Nikapeleka mkono kwenye swichi. Tik. Nilijua ni ukuta. Nilijua ni mwili wangu mwenyewe. Tik, tik. Mama akaniita mara ya pili, na kidole changu kikakataa kushuka.