Rangi ya Mwisho ya Ndege

Macho ya mzee Kabemba yalikuwa yanafungika polepole, na munganga wa hospitali alishasema hakuna dawa ya kuyarudisha. Kitu kimoja tu alitaka kukiona kimeisha: ndege ndogo ya plastiki, ya propela mbili, ambayo binti yake Jémima aliituma toka Ubelgiji, vipande vipande ndani ya karton. Zamani Kabemba alikuwa fundi pa uwanja wa ndege. Ndege za kweli za namna ile alizifungua na kuzifunga mpaka boliti ya mwisho.

Vipande vingine vilikuwa vidogo kama punje ya ulezi. Alivipaka gundi kwa ncha ya sindano, vidole vikimwongoza kuliko macho, akabana, akangoja. Kimoja kikianguka, mke wake Ngalula alipiga magoti na kupapasa sementi mpaka akipate.

"Mama Jémima, unatafuta kama kuku!"

"Na weye unapoteza kama mutoto."

Siku ile ilibaki rangi tu, ya fedha, kidogo kwenye kitako cha kikopo. Kabemba aliimalizia yote juu ya mabawa, pumzi ameizuia.

"Sasa ikauke. Mutu asifagie. Kesho mi nitaiangalia muzuri."

Mara king'ora cha mgodi kikalia.

Mtaani kwao kila mwanamke anajua: kikilia, vikombe vinashushwa chini na madirisha yote yanafunguliwa, maana mgodi ukipasua mwamba, kioo kilichofungwa kinavunjika. Mikono ya Ngalula ilitangulia kichwa chake. Alishusha vikombe, akafungua dirisha la chumbani, akafungua la sebuleni. Ardhi ikatikisika, mabati yakalia. Halafu vumbi jekundu likaingia, zito, taratibu, kama mgeni anayejua hafukuzwi.

"Mama Jémima! Ndege!"

Ngalula alichomoa kitenge chake cha juu, akasimama nacho mbele ya meza. Akikishusha, kitanata kwenye rangi. Asipokishusha, vumbi litanata. Akakitandaza hewani, na vumbi likapita chini yake.

"Iko namna gani? Sema ukweli."

"Iko nyekundu, Tata Jémima."

"Mabawa yote?"

"Yote. Ni mi nilifungula madirisha."

Mzee alimsogezea kikopo. "Rangi ingine iko?"

Ngalula alisugua brashi ndani ya kikopo. Ilitoka kavu. "Hapana."

"Jémima atatuma ingine."

"Atatuma."

Karton ya kwanza ilichukua miezi kufika kwao Kolwezi. Na asubuhi ile ile, jua likiwa limeshaingia ndani, mzee alikuwa ameuliza kama kumekucha.

"Basi leta," alisema Kabemba. "Niiangalie vile iko."

Ngalula akambebea ndege hadi mlangoni, kwenye mwanga. Mzee aliishika kwa viganja viwili, akaisogeza mpaka karibu na pua, akaangalia, akaangalia tena. Ngalula alisimama nyuma yake, asijue ashike nini.