Mchezo Uliokatazwa Kutazamwa

Kifurushi tulichotuma Dar es Salaam kilirudi Uyole na gundi yake ileile. Hawakukifungua! Nilipandwa na hasira hadi nikaunguza maharage.

Miezi minne mume wangu Saulo, fundi matrekta, alikuwa anachora kilichokuwa ndani yake, kwenye kitambaa cha amerikani. Ule mchezo wa dadu wa kampuni ya Dar es Salaam aliupenda kupita kiasi, ila safari ya ubaoni iliishia Morogoro. Yeye akaiendeleza: Kitonga, Iringa, Igawa, mpaka hapa kwetu, kila kituo na mkasa wake. Mtu ana mikono ya grisi, lakini herufi zake, jamani, utadhani za kiwandani! Alitaka kitu kimoja tu, kampuni iuchapishe, watoto wa nchi nzima wafike huku.

Wiki iliyofuata Gideoni, muuzaji wa kampuni hiyo, akaja nyumbani kuomba radhi.

"Mwanasheria wetu amekataza," alisema. "Wazo la mteja hatulifungui wala hatulitazami. Kesho tukitoa mchezo unaofanana nalo, atatushtaki kwamba tumemwibia. Na kwa kuwa huu umejengwa juu ya mchezo wetu, hata wewe Mzee Saulo huruhusiwi kuuchapisha."

"Yaani si wake, wala si wenu?" nilimkatiza. "Ni wa nani basi, wa panya?"

"Mama Sekela, tulia," Saulo alisema. "Ndugu Gideoni, wewe usifungue. Geukia ukutani."

Gideoni akageuka. Saulo akabandua gundi mwenyewe, akatandaza kitambaa mkekani, tukaanza kucheza sisi wawili.

"Tano!" nilipiga kelele. "Napanda Kitonga! Lo, injini imechemka, narudi bondeni kuchota maji!"

"Mimi niko Igawa," Saulo alisema. "Ng'ombe wanavuka barabara. Nasubiri zamu mbili."

Mgongo wa Gideoni ulianza kutikisika kwa kicheko.

"Na masikio je?" nilimuuliza. "Mwanasheria aliyakataza?"

"Hakuyataja, mama."

Kisha, uso bado ukutani, akanyoosha mkono nyuma, kiganja wazi. "Nipeni dadu. Mtanisogeza ninyi."

Saulo alimwekea kiganjani. Nilimpenda mume wangu siku ile kuliko siku aliyonioa. Gideoni alicheza mpaka akaingia Uyole, na hakugeuka hata mara moja.